Askari Waliomkosea Adventina

Njuka wapendwa wa kidato cha kwanza,

Nyinyi mnaonukia sabuni mpya na kulilia mama zenu ndani ya blanketi, acheni kwanza, mnisikilize. Anayewaandikia ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, meno yote yapo na mgongo haujapinda, lakini nimevua beji ya Kiranja wa Afya, maana kidato cha nne haturuhusiwi uongozi. Tunatakiwa tukae tunuse vitabu mpaka mtihani. Kiinua mgongo sikupewa. Nimeondoka na harufu ya spiriti kwenye vidole na kovu la sufuria mkononi, na hilo kovu nitalieleza. Wazee wakistaafu huko Bukoba mjini hukusanya wajukuu wakawachosha kwa habari za kazi. Mimi wajukuu sina. Nina nyinyi, na hili gazeti la ukutani.

Watu watawaambia kiranja wa afya ni mchemsha maji tu. Ni kweli, nilichemsha maji. Lakini katika kuchemsha maji niliona vitu ambavyo mwalimu wa Biolojia ametuchorea ubaoni kwa Kiingereza chake chote na bado nusu ya darasa tulidhani ni ramani ya kijiji cha Ngenge.

Tuanze na mambo madogo. Kazini jambo la kwanza ni kumjua mgonjwa wa mchakamchaka. Huyu hupona jua likishachomoza. Anakuja alfajiri ameinama, ameshika tumbo, anaongea kwa sauti ya marehemu. Usibishane naye. Mwambie tu, "Pole, dada. Leo chai ina maandazi, la kwako tutamgawia mwenzako." Ukiona jicho limefunguka, mrudishe uwanjani akakimbie. Aliyenisumbua kwa muda mrefu ni Odilia wa bweni la juu, ambaye mtamjua kwa mdomo wake kabla hamjamwona sura. Yeye alikuwa akibana kiazi cha moto kwapani kabla ya kuwekewa kipimajoto. Siku moja zebaki ilipanda mpaka ikakosa pa kwenda. Nesi akaitazama, akamtazama Odilia, akaniambia polepole, "Huyu alikufa jana, waitu. Mpelekeni kanisani."

Nesi huyo ni Mae Speransia. Nyie watoto wa wavuvi mliotoka visiwani, ambao Kihaya mmekisikia mnadani tu, "mae" ni mama, na "waitu" ni neno la heshima tu. Hatumwiti nesi hata mbele ya mkuu wa shule. Ni mfupi, havui buti za mpira masika wala kiangazi, na shavuni hakosi punje ya akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna. Alianza kazi kabla ya vita vya mpakani, vita vikamkuta kazini, vikaisha, ukaja ugonjwa huu ambao wazee waliupa jina la vitambaa vya magendo, Juliana, kabla redio haijatufundisha kusema Ukimwi. Yote hayo yamepita mbele yake akiwa amevaa buti zilezile.

Mabomba yetu ya sindano yalikuwa ya kioo, na sindano zenyewe za chuma, zote za kuchemshwa. Nilipoanza kazi zilikuwa zinachemka kwenye sufuria moja juu ya jiko la mafuta ya taa, kama ndizi za familia. Lakini nani siku hizi hapa Muleba anakubali kuchomwa sindano asiyoijua ilikotoka? Kila nyumba imezika. Kwa hiyo kila msichana aliyekuja kuchomwa alitaka kusimama juu ya sufuria aone mwenyewe maji yakitokota. Wengine walisali. Odilia alikuwa anaonja mvuke kwa kidole, anasema, "Hapana, bado, ongeza moto."

Siku moja sikuwa na mgonjwa, nikaiacha sufuria jikoni nikatoka kwenda kusikiliza ugomvi wa netiboli, ambao ulikuwa mtamu sana. Niliporudi maji yalikuwa yamekwisha na vioo vinalia paa, paa. Nikaikamata sufuria kwa mkono mtupu. Mae Speransia aliingia akanikuta narukaruka. Akachungulia ndani.

"Leo umetukaangia," alisema. "Na chumvi umeweka?"

Hilo ndilo kovu. Na tangu siku hiyo utaratibu ulibadilika: anayechomwa mara kwa mara ana sindano yake na kioo chake, ndani ya kopo lake la maziwa ya unga, na anachemshiwa akiwapo. Mkono wangu uliungua, lakini makopo yakazaliwa.

Sasa somo la uvimbe, bila hilo hamtaelewa kilichompata Adventina.

Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, shule nzima inakuwa kichaa, mtaona wenyewe Novemba. Jovitha, mwenzangu wa kitanda cha juu, alikaribishwa sahani moja akamaliza, kisha akaanza kujikuna. Midomo ikavimba ikawa kama ya samaki, macho yakaziba, mwili ukatoka mabaka. Wakati huo mabaka yoyote mwilini mwa mtu yalikuwa kesi. Nilikuta wenzake wamerudi nyuma ukutani, yeye amebaki peke yake katikati ya bweni anauliza kwa midomo ile minene, "Kwani ni nini? Kwani ni nini?"

Mae Speransia alimpa vidonge, akamkalisha, akasubiri. Jioni Jovitha alikuwa na sura yake tena, kwa bahati mbaya.

"Senene ana sumu?" niliuliza.

"Wewe umekula wangapi?"

"Wengi."

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi senene hana sumu. Mwili wa Jovitha ndio umemwona senene ukadhani jeshi limevuka mpaka." Akanieleza kuwa uvimbe, wekundu, joto, maumivu, vyote hivyo ni dalili za askari kufika. Seli nyeupe za damu zinaitana kwa kemikali, vitu vidogo ambavyo huwezi kuviona hata ukikodoa, moja inatoa, nyingine inapokea, mishipa inalegea ili askari wapite, maji yanatoka na askari, na pale panavimba. Mwiba ukikuingia mguuni, mguu unaovimba unafanya kazi. "Ukichomwa na mwiba usivimbe," alisema, "hapo ndipo nitaogopa."

Miaka yote nilidhani uvimbe ndio ugonjwa wenyewe. Nikamuuliza, na hao askari nani anawaambia basi, inatosha, rudini nyumbani? Akasema wapo wengine ambao kazi yao ni hiyo, kuzima. Lakini namna wanavyozima, na kwa nini kwa wengine hawazimi, hata waliosoma mpaka ng'ambo bado wanatafuta. Alisema hivyo huku anatafuna akamwani, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi sikulala vizuri.

Adventina alihamia kwetu akiwa kidato cha pili, mimi cha tatu. Kwao ni Ngenge. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka huohuo, akabaki na bibi yake na shamba la migomba. Ni mwembamba tangu kuzaliwa, anacheka chini chini, na ndiye aliyekuwa anapiga ngoma kanisani mpaka padre anasahau mahubiri. Alikuwa jirani yangu mezani.

Aliporudi likizo moja alinisimulia kuwa koo lilimuuma nyumbani, akashindwa kumeza hata mate, na bibi akampeleka kwa mzee mmoja wa kijiji cha Kishanda anayekata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mzee akakata. Baada ya siku chache koo likapoa.

"Kukatwa kuliuma kuliko koo," alisema Adventina. "Lakini bibi alifurahi. Amesema yule mzee ni fundi."

Mae Speransia aliposikia alitikisa kichwa. Koo la namna ile hupoa lenyewe, kimeo kiwepo kisiwepo. Uliosifiwa ni wembe, na kijidudu hakuna aliyekigusa.

Haikupita muda, goti la kushoto la Adventina likavimba. Moto kabisa, ukiligusa analia. Tukadhani ameanguka. Jumatatu lilikuwa la kushoto, Alhamisi likapoa na la kulia likavimba, kisha kiwiko. Ugonjwa ulikuwa unahama kiungo kwa kiungo kama mgeni anayetafuta chumba. Homa juu. Akapungua, na hakuwa na cha kupungua. Na mnajua lugha ya mabweni. Wazazi wote wawili wamekwenda, mtoto anakonda, anashikwa homa. Watu walijumlisha wakapata jibu lao. Benchi la kanisani likaanza kuwa refu upande wake. Kikombe cha bati kinachoning'inia kwenye tangi la maji, akikishika yeye, anayefuata anakisuuza kama anasugua sufuria ya ubwabwa ulioungua.

Alipelekwa hospitali mjini Bukoba kwa pikapu ya misheni, Mae Speransia mbele, mimi nyuma nimemshikilia Adventina kichwa kisigonge bodi. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamgeuza, akamsikiliza tena. Akasema ni homa ya baridi yabisi, ile inayotoka kooni ikaenda kwenye viungo na moyo. Wakampima na damu. Ule ugonjwa mwingine hakuwa nao. Akapewa aspirini za kupoza viungo na amri moja: sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka.

Tukirudi Mae alikaa nasi nyuma, nami nikawa na maswali mpaka nikamchosha kila mtu kwenye pikapu. Koo na goti vinajuanaje? Kijidudu kimetoka kooni kikatembea mpaka gotini?

"Hakijatembea," alisema Mae Speransia. "Gotini hakipo. Moyoni hakipo."

"Sasa nani anamuumiza?"

Tukaanza kuona paa za maduka ya Nshamba. Halafu akatusimulia, mimi na Adventina, habari ya kaka yake Baltazari.

Wakati wa vita Baltazari alikuwa akiishi karibu na mpaka, anauza ndizi. Kabla ya vita watu wa kule soko lao lilikuwa Masaka, upande wa pili wa mpaka, ni karibu kuliko Bukoba, na huko alikuwa amenunua shati zuri la kijani lenye mifuko miwili ya vifuniko kifuani. Adui walipovuka, akakimbia kusini na watu wengine, amebeba mtoto wa jirani mabegani. Njiani wakakuta kizuizi cha mgambo. Vijana wa hapahapa, baadhi yao alikuwa anawajua majina. Lakini siku hiyo walikuwa wamekwisha kuona maiti, na walikuwa wameambiwa: askari wa adui wanavaa kijani, mifuko kifuani. Wakaliona shati.

"Akawaambia mimi Baltazari," alisema Mae Speransia. "Akawaambia kwa Kihaya. Hawakusikia maneno, waliona mifuko. Walimpiga mpaka mguu ukavunjika. Mtoto wa jirani ndiye aliyepiga kelele akawataja mama zao mmoja mmoja, ndipo wakaacha."

"Walikuwa wabaya?" aliuliza Adventina.

"Walikuwa walinzi wazuri wenye hofu. Kijidudu cha koo lako kina gamba, na kwenye gamba hilo kuna protini ambayo umbo lake linafanana na protini iliyo kwenye msuli wa moyo wako. Zimefanana kama lile shati. Askari wako walipigana nacho kooni, wakalisoma shati lake, wakatengeneza kingamwili, vile vitu vinavyoshika umbo lile na kuling'ang'ania. Wakakishinda, waitu. Kisha wakaendelea na doria. Wakapita kwenye moyo, wakaona shati."

Pikapu ikaingia shimoni ikatoka. Adventina aliweka kiganja kifuani kama mtu anayemfunika mtoto masikio.

"Kwa hiyo," nilisema mimi, maana siwezi kukaa kimya, "Ukimwi unaua askari. Yeye askari wake ni wazima kupita kiasi. Ni kinyume kabisa!"

"Kinyume kabisa."

"Tuwafundishe upya basi, wajue moyo ni wa nyumbani."

"Hatujui namna. Tunachoweza ni kuhakikisha hakuna anayepita tena barabarani na shati lile. Ndiyo kazi ya sindano ya kila mwezi. Haimgusi askari. Inazuia kijidudu kisirudi kooni, askari wakae, wasahau. Likipita shati lingine, watapiga tena, na wakipiga safari hii watapiga milango ya moyo. Milango hiyo ikikunjamana, hainyooki."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, njuka, liwekeni kichwani: milango ya moyo wa Adventina, na kitu cha kuilinda kilikuwa kopo la maziwa lenye sindano moja ndani.

Mwezi wa kwanza alichomwa. Wa pili akachomwa. Viungo vilipoa, akarudi ngomani. Lakini bweni lilikuwa linahesabu. Odilia alikuwa na wimbo wake, "Ya mwezi huu tayari?" anauliza kwa upole kabisa, kama anauliza habari za nyumbani. Sindano ya kila mwezi kwa mtu asiye na kidonda, kwao ilikuwa na maana moja tu.

Ikaja siku ya wageni. Bibi yake Adventina alitoka Ngenge kwa miguu mpaka barabarani, akapanda lori la kahawa, akafika amejifunga kanga mpya. Alileta ndizi zilizopikwa na maharage, na kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa ufundi. Akamaliza kula na mjukuu wake, akafungua kile kifurushi, akatupitishia sisi wenzake akamwani. Kwetu, mtu akikunyooshea akamwani unachukua, hata kama humpendi, hata kama mna kesi ya mpaka wa shamba. Ukikataa umemwambia nyumba yake ina kinyaa. Bibi alikuwa amepiga goti, amenyoosha mikono yote miwili.

Jovitha alikuwa wa kwanza. Akarudisha mikono mgongoni.

"Nimeshiba, bibi."

Akamwani haishibishi, ni punje! Aliyefuata naye kashiba. Nikachukua mimi, nikachukua nyingi, nikajaza mashavu yote mawili nikatafuna kwa kelele kama mbuzi, lakini bibi alikuwa ameshaelewa. Alifunga lile jani polepole, akalirudishia kamba, akampa mjukuu wake. "Weka, utatafuna ukisoma," alisema. Hakulia. Adventina ndiye aliyelia, baada ya lori kuondoka.

Siku ya sindano ilipofika nilichemsha maji, kopo likawa tayari, mtu hakuna. Nikamfuata mtoni anafua.

"Adventina, maji yanakauka. Unajua mimi na sufuria."

"Mwambie Mae sichomwi tena."

"Umepona?"

"Goti haliumi. Moyo siusikii. Nikiacha sindano wataacha kuhesabu. Bibi atakuja, watachukua akamwani."

"Na shati likipita?"

"Dokta Kelele," aliniambia, hilo ndilo jina langu mabwenini mkitaka kulijua, "wewe hukai kwenye lile benchi peke yako."

Nikamsaidia kukamua shuka. Mae Speransia naye hakumkemea. Alisema hawezi kumfunga mtu kitandani, akalifuta kopo vumbi akalirudisha mahali pake, na kila asubuhi aliniuliza kama ni kwa bahati, "Adventina anameza vizuri?"

Swali hilo lilikuwa na sababu. Mvua zilikuwa zimeanza, madirisha yamefungwa, tunapumuliana kama kuku, na makoo yalianza kuuma shule nzima. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kuchungulia makoo. Shika kijiko kwa upande wa kichwa, mpini ulimini, tochi mkono wa pili, mwambie mtu aseme "aaa", na usisimame mbele yake akikaribia kutapika. Mwenye mafua na kikohozi, mara nyingi ni kirusi tu, mpe maji ya moto aende zake. Mwenye koo jekundu lenye madoadoa meupe, mitoki chini ya taya, homa, na hana kikohozi, huyo mpeleke kwa Mae upesi. Huyo huenda amevaa shati.

Tatizo walikuwa hawaji. Nilimwona Jovitha mezani anameza ugali kama anameza msumari, nikimuuliza anasema mzima. Kuja kwetu kulikuwa kuingia kwenye wimbo wa Odilia. Na kila koo lililojificha lilikuwa linakunywa kikombe kilekile cha tangi, na Adventina naye alikuwa anakunywa hapohapo, bila penisilini mwilini.

Nikasimama bwaloni wakati wa matangazo, chakula cha mchana.

"Natangaza. Mwenye koo linalouma aje chumba cha wagonjwa baada ya kula. Hata akiwa amekula ugali wote kwa ushujaa, namwona."

Wakacheka. Odilia akapaza sauti kutoka nyuma. "Tukija mtatuchoma ile ya Adventina?"

Kicheko kikakatika. Nikageuka kumtafuta Adventina. Alikuwa mwisho wa meza, pale meza inapokuwa na nafasi nyingi. Alikuwa hanitazami mimi wala Odilia. Alikuwa anamtazama Jovitha, aliyekuwa ameshika shingo anajaribu kumeza.

Akasimama.

"Ndiyo, ni ile ile," alisema. Sauti yake ni ya chini chini, watu wakalazimika kunyamaza zaidi. "Homa yangu ilianza hivyohivyo. Sikuwa na kikohozi. Nilimeza hivyo anavyomeza Jovitha sasa hivi. Kisha likapoa, tukasema nimepona. Goti langu mliliona. Moyo hamkuuona." Akapumua. "Jovitha, mwaka ule wa senene mwili wako uliwakosea panzi. Wangu umeukosea moyo. Wewe bweni lilikusamehe jioni ileile."

Jovitha alikuwa ameweka tonge chini.

"Mae," alisema Adventina, maana Mae Speransia alikuwa amesimama mlangoni na buti zake, sijui tangu lini. "Maji yapo?"

"Yapo, mwanangu."

"Basi yachemke." Akatoka nje, akapita katikati ya meza zote.

Nilikimbia kuwasha jiko. Nilipotoka tena na sufuria kulikuwa na mstari kutoka mlango wa chumba cha wagonjwa mpaka kwenye tangi, na mbele kabisa Jovitha. Adventina alimsogeza kwa bega.

"Pisha. Mimi mzoefu."

Akachomwa mlango ukiwa wazi, sindano yake kutoka kopo lake. Kisha akabaki palepale, akawa ndiye anayewafundisha. "Usikaze. Ukikaza unaumia mara mbili. Legeza mguu, sukuma vidole chini. Odilia, acha kupiga kelele, hujachomwa, hiyo ni pamba." Mae alichagua makoo kwa kijiko, wenye mafua akawafukuza, na waliochomwa aliwakalisha kwanza kwenye benchi awatazame kama penisilini haitawafanyia vile senene walivyomfanyia Jovitha. Mimi nilichemsha, nikachemsha, nikachemsha tena, na maji hayakukauka.

Benchi lilijaa. Hapo Adventina akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kifurushi cha jani la mgomba, kimekauka lakini kamba ni ileile. Akakifungua mapajani. Akapiga goti mbele ya benchi, akanyoosha mikono yote miwili kama bibi yake, akaanzia kwa Jovitha.

Jovitha alikuwa amekalia upande mmoja wa makalio kwa maumivu. Alitazama zile punje muda mrefu kidogo. Kisha akatoa mikono, yote miwili, akachukua.

"Nina njaa," alisema, akatafuna, akakunja uso kwa jinsi koo lilivyouma, akaendelea kutafuna.

Bibi alirudi muhula uliofuata na kifurushi kikubwa zaidi. Hakikubaki kitu, Odilia alikung'uta hata jani. Kile kikombe cha bati kiliondolewa, kila mtu ana chake, na nyinyi mnaolalamika kubeba vikombe sasa mnajua sababu. Nami Mae Speransia aliniwekea siku moja vile vyuma vya kusikilizia masikioni, na Adventina akakubali nimsikilize moyo. Du-du, du-du, na katikati yake kitu kinapuliza, fyuu, kama mtu anapuliza uji. Mae anasema ni mlango mmoja uliokunjamana kidogo, na tangu siku ile sauti hiyo haijaongezeka. Askari wamekaa. Nani aliwaambia wakae, kwa neno gani, kwa kemikali ipi, sijui, na ndicho ninachotaka kwenda kukisoma nikitoka hapa, msicheke.

Ndiyo kazi yangu, imekwisha. Beji nilimkabidhi Adventina mwenyewe juzi, Mae akishuhudia. Nilitaka kutoa hotuba ya kustaafu. Nikakohoa kusafisha koo, nikameza mate, na nadhani nilikunja uso kidogo tu.

Akaiweka beji mezani. Akachukua kijiko na tochi.

"Hotuba baadaye, mstaafu," alisema. "Fungua mdomo."